Sifa za mhudumu zimfikie bosi wake: mwongozo kwa wageni wa hoteli na gesti za Mtwara na Lindi

Basi la Dar es Salaam linaondoka alfajiri, na wewe uliomba uamshwe saa 9 na nusu usiku. Muda ukifika mtu anagonga mlango kwa kidole kimoja, si kwa kiganja, asije akaamsha chumba cha jirani. "Hodi mgeni. Maji ya moto haya hapa mlangoni." Ukishuka mapokezi unakuta chupa ya chai na maandazi mawili yamefungwa kwenye karatasi, kwa sababu jiko halifunguliwi mpaka saa 12. Unasema "asante sana dada, Mungu akuzidishie", unapanda bajaji kwenda stendi. Saa 1 asubuhi zamu inabadilishwa. Yule dada anakwenda zake nyumbani, na katika hoteli nzima hakuna mwingine ajuaye alichokufanyia.

Asante yako imemfika, na ni haki yake. Lakini siku meneja anapokaa na orodha ya mikataba kuamua nani aongezewe muda, nani aachwe na nani apandishwe awe mkuu wa zamu, asante ile haimo kwenye faili. Kilichomo ni malalamiko, maana mgeni aliyeudhika huenda mwenyewe mpaka ofisini, na aliyeridhika huondoka kimya. Kwa mhudumu wa mkataba wa miezi 6, au anayelipwa kwa siku, karatasi moja yenye jina lake, tarehe na alichokifanya inaweza kuwa ushahidi pekee kwamba kazi anaijua. Hapa tunaeleza jinsi ya kuifikisha karatasi hiyo bila kumponza.

Anza na jina, siku hiyo hiyo

Usingoje siku ya kuondoka. Siku hiyo una mizigo, una bili, bajaji inapiga honi getini, na yule uliyetaka kumtaja yuko mapumziko. Jambo likitokea tu, andika kwenye simu yako vitu 6: jina, kazi yake, tarehe, saa, namba ya chumba, na tendo lenyewe kwa sentensi moja.

Wahudumu wengi hawavai kitambulisho kifuani, na mara nyingine aliyevaa ameazima cha mwenzake. Kwa hiyo uliza, na sababu itoke papo hapo: "Samahani dada, naomba jina lako. Nataka nikusemee vizuri kwa meneja." Ukiuliza jina peke yake, hasa chakula kikiwa kimechelewa, atajua unakwenda kumshtaki, na kuanzia hapo atakukwepa. Mtu mzima mwamkie kwanza. Mama wa jikoni mwenye umri wa mzazi wako haulizwi "unaitwa nani" kabla ya shikamoo.

Hakikisha pia jina uliloandika ndilo linalotumika kazini. Huku kusini si ajabu gesti moja kuwa na kina Somoe wawili na kina Hamisi watatu. Wengine wanajulikana kwa jina la mtoto tu, Mama Zuhura, ilhali kwenye orodha ya mshahara ni Mwanahawa. Dawa yake ni kuongeza idara na zamu. "Somoe wa usafi wa vyumba, ghorofa ya kwanza, zamu ya asubuhi" hawezi kuwa mwingine. Sifa iliyomwendea mtu asiyehusika inaumiza watu wawili: anayepongezwa kwa asilolifanya, na aliyelifanya akawa anasikiliza.

Tarehe ya usiku ndiyo inayokosewa zaidi. Zamu ya usiku huanza jioni ya siku moja ikaisha asubuhi ya siku ya pili, hivyo ukiandika "tarehe 14 usiku", meneja akifungua daftari la zamu anaweza kukuta jina tofauti. Andika "usiku wa kuamkia tarehe 14, saa 9 na nusu". Na kama ujumbe utasomwa na mmiliki asiyezoea saa zetu, weka pembeni 03:30, kwa sababu saa 9 na nusu usiku yako yeye anaweza kuisoma 21:30, na daftari zima halitakubaliana na barua yako.

Jua mwajiri wake ni nani

Hili hupuuzwa, na ndilo hufanya sifa nyingi zipotelee hewani. Si kila anayekuhudumia ndani ya uzio wa hoteli ameajiriwa na hoteli.

Mlinzi wa getini mara nyingi ni wa kampuni ya ulinzi; angalia nembo kwenye shati lake. Meneja wa hoteli atafurahi kusikia habari zake, lakini anayeamua zamu na mkataba wa mlinzi ni msimamizi wake wa kampuni. Kwa hiyo barua iwe na nakala, na umwombe meneja aipeleke msimamizi atakapokuja kukagua lindo. Mama anayepakua chakula cha semina huenda amepewa tenda na waandaaji. Dereva wa bajaji anayeegesha hapo nje anajitegemea; msaada mkubwa kwake ni wewe kuacha namba yake mapokezi na kusema anaaminika. Nahodha aliyekuvusha kutoka Kilwa Masoko kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, huenda alitafutwa na hoteli lakini hayumo kwenye orodha yake ya wafanyakazi.

Kuna kundi moja linalostahili juhudi ya ziada: wanafunzi walio kwenye mafunzo kwa vitendo. Utamtambua kwa fulana ya chuo, au kwa namna anavyomtazama mwenzake kabla ya kukujibu. Huyu halipwi, au anapewa nauli tu, na chuo chake kitampa alama kutokana na anachosema msimamizi wa hoteli. Mistari minne yenye saini yako, ikibandikwa kwenye daftari lake la mafunzo, ina uzito kuliko elfu tano. Mwulize msimamizi wake anaitwa nani, na karatasi impitie yeye.

Sifa zinazoponza

Kabla hujaandika neno, jiulize: nilichofurahia, hoteli inakiruhusu? Mgeni husifu kwa moyo safi, na meneja husoma kwa jicho la mahesabu. Haya yameshawatia wahudumu matatani:

"Aliniachia chumba mpaka saa 9 mchana na hakunidai nyongeza." Kwenye hoteli nyingi chumba kinatakiwa kuachwa saa 4 asubuhi. Kama hakuomba ruhusa, umemwandikia kosa.

"Alimruhusu ndugu yangu alale bila usumbufu." Bila usumbufu maana yake hakumwandikisha kwenye kitabu cha wageni, na kitabu hicho hukaguliwa na watu wa serikali.

"Mtandao ulisumbua, akanipa namba yake ya simu nikalipia hapo." Hata kama pesa aliiwasilisha mpaka shilingi ya mwisho, hakuna meneja atakayeisoma sentensi hiyo akatulia. Ukishalipa namna hiyo, kilicho muhimu ni kudai risiti, si kusifu.

"Aliacha mapokezi akanisindikiza mpaka stendi." Nani alibaki na funguo?

Matendo kama hayo, ama yaache, ama mwulize mwenyewe: "Nikilitaja hili litakuletea shida?" Atakujibu kwa uso kabla ya mdomo. Mara nyingi wema ule ule una sehemu inayosemeka. Aliyekusindikiza stendi usiku huenda pia alikutafutia bajaji ya dereva anayemjua na kuandika namba yake ya usajili. Hiyo ndiyo ya kuandika.

Usisifu umbo wala sura. "Dada mrembo wa mapokezi" haimsaidii kazini. Inamfungulia maneno kwa wenzake, kwa bosi, na nyumbani kwake akisomewa na mtu mwingine. Kwa msichana wa miaka 22 sentensi hiyo inatosha kumhamisha kutoka mapokezi kwenda stoo. Sifa iende kwenye kazi ya mikono na akili yake.

Usimpandishe mmoja kwa kumshusha mwingine. "Si kama yule wa mchana" inawasha ugomvi wa zamu, na utakayemwachia moto huo ni yule yule uliyempenda. Kama una malalamiko ya kweli dhidi ya mtu mwingine, yapeleke, lakini kwa karatasi nyingine na ikiwezekana siku nyingine.

Kasoro iliyotatuliwa ni jambo jingine. Kiyoyozi kilivuja, bomba lilitoa maji ya chumvi mekundu, chandarua kilikuwa na tundu, na mtu akalishughulikia: itaje kasoro kwa sentensi moja isiyo na lawama, kisha eleza alivyoitatua na kwa muda gani. Hiyo ndiyo sifa nzito kuliko zote, kwa sababu meneja anaona mgeni ambaye angehama, au angedai punguzo, ameondoka ameridhika.

Kuandika chenyewe

Sehemu hii ndiyo yenye kazi, na watu wengi huimaliza kwa sekunde tano. Fungua kitabu cha maoni cha hoteli yoyote utakuta kurasa nzima za "Safi", "Pazuri", "Huduma nzuri, endeleeni hivyo hivyo". Meneja hawezi kufanya lolote na maneno hayo. Hayana mtu, hayana siku, hayana tendo.

Maneno yanayofanya kazi yana vitu vinne: nani, lini, alifanya nini hasa, na wewe kilikusaidia nini. Cha nne ndicho husahaulika. Ukisema "aliniamsha saa 9 na nusu", ni kazi yake. Ukisema "aliniamsha saa 9 na nusu, sikuachwa na basi, na tiketi yangu haikupotea", sasa meneja anaona thamani.

Mfano wa ujumbe wa WhatsApp, majina ni ya kupanga:

"Habari za asubuhi meneja. Nilikuwa mgeni wenu chumba namba 7, tarehe 12 hadi 15 Novemba. Namshukuru Asha wa mapokezi, zamu ya usiku. Usiku wa kuamkia tarehe 14 umeme ulikatika, feni ikazima. Ndani ya dakika 10 alikuja na taa ya kuchaji, akanieleza jenereta inawashwa saa ngapi, akafungua dirisha lenye wavu na kuchomeka chandarua chini ya godoro pande zote nne. Nililala, na saa 2 asubuhi nilikuwa kikaoni. Naomba ajulishwe, na ikiwezekana ujumbe huu uwekwe kwenye kumbukumbu zake."

Ujumbe huo unasomeka kwa pumzi moja kwenye mkutano wa asubuhi. Dakika 10 ni kipimo. Chandarua kuchomekwa pande nne ni kitu ambacho meneja anaweza kuwaambia wengine wakifanye kesho. Ukizidisha sifa, ukaandika "mhudumu bora kuliko wote Tanzania", unamfanya meneja ajiulize kama nyie ni ndugu.

Kila idara ina jambo lake la kutazama. Kwa mpishi, taja chakula na uthabiti wake: "supu ya pweza ilikuwa laini asubuhi zote tatu" inamwambia mwenye hoteli kwamba mtu huyu anajua kumpika pweza, maana pweza akikosewa anavutana kama mpira. Au alikuona unaulizia ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa huku kusini, akaenda sokoni, akakuchemshia na bei akakwambia kabla. Wakati wa Ramadhani, taja aliyeamka kukutengea daku na saa aliyoileta. Kwa mfanya usafi, taja vitu visivyoonekana mpaka vikosekane: mchanga wa ufukweni uliofagiliwa chini ya kitanda, taulo kavu, ndoo kujazwa kabla maji hayajakatika.

Sifa za uaminifu zina utaratibu wake. Ulisahau pesa chini ya mto, zikarudishwa. Andika kiasi, saa, aliyezikuta, aliyezipokea mapokezi na aliyekukabidhi: "Nilisahau shilingi 180,000. Somoe alizikuta saa 5 asubuhi, akazikabidhi kwa mkuu wa zamu, nami nilizipokea zote saa 10 jioni." Neno "zote" liwemo. Bila hivyo, siku nyingine kitu kikipotea, jina lake ndilo la kwanza kukumbukwa kwenye habari za pesa na hakuna karatasi inayosema hesabu ilikamilika.

Kama mmehudumiwa na timu nzima, siku tatu za harusi au semina, usiandike "wafanyakazi wote". Andika watu wanne au watano, kila mmoja na tendo lake, halafu ndipo umalizie kwa wengine kwa jumla.

Barua rasmi inafaa zaidi pale unapotaka kitu kikae kwenye faili. Nusu ukurasa inatosha. Iandike kwa mkono unaosomeka au ichapwe steshenari, nakala 3: ya meneja, ya mhudumu mwenyewe, na yako. Muundo ni ule ule wa barua za ofisini:

Meneja,
(jina la hoteli),
S.L.P. …,
Lindi.
(tarehe)

YAH: PONGEZI KWA MHUDUMU WA USAFI WA VYUMBA, SOMOE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikaa hotelini kwenu chumba namba 12 kuanzia tarehe 3 hadi 9 Juni, pamoja na mama yangu mzazi anayetembea kwa mkongojo. Siku ya kwanza Somoe aligundua kuwa sakafu ya bafu inateleza. Bila kuombwa alileta mkeka wa mpira na kiti cha plastiki cha kuogea, na kila asubuhi alihakikisha vyote ni vikavu kabla mama hajaingia. Kwa siku zote 6 mama alioga mwenyewe bila kuanguka, nami niliweza kwenda kazini nikiwa na amani.

Naomba pongezi hizi ziwekwe kwenye jalada lake la kazi.

(jina kamili, saini, namba ya simu)

Nakala: Somoe, Idara ya Usafi wa Vyumba

Sentensi ya kuomba iwekwe kwenye jalada usiiache. Bila hiyo barua husomwa, husifiwa, kisha hufunikwa na ankara za samaki. Na ile nakala mkabidhi mhudumu mkononi. Akienda kuomba kazi Masasi au Dar es Salaam, atakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kuifikisha kwa anayeamua

Kwenye gesti ya vyumba 10, anayeamua ni mwenye gesti, na mara nyingi haishi hapo. Huja jioni kufunga hesabu. Ulizia saa yake. Hoteli ya kati ina meneja. Hoteli kubwa za ufukweni kama zile za upande wa Shangani, Mtwara mjini, zina wakuu wa idara: mpe mkuu wa idara kwanza, kisha meneja, ili mkuu asione amerukwa. Akiona amerukwa, atakayelipia ni mhudumu. Hosteli za makanisa na za taasisi zina msimamizi wa kituo, naye ana bosi wake. Mwombe msimamizi akuelekeze nakala iende wapi.

Sasa angalia jinsi unavyoomba kuonana naye. Ukifika mapokezi ukasema "naomba kuonana na meneja", watu wote pale kaunta wanaganda. Kwa uzoefu wao maneno hayo ni ya mtu aliyeibiwa au aliyekuta kunguni. Tanguliza neno moja: "Ni la heri. Naomba dakika mbili za meneja, nataka kumpongeza mtu wenu." Utaona mabega yanashuka, na mlango unafunguliwa upesi.

Wakati nao una maana. Saa 4 asubuhi usiende. Ndiyo saa ya wageni kuondoka, bili na funguo. Saa za kubadilishana zamu pia acha. Kati ya saa 9 na saa 11 jioni kwa kawaida pametulia. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa, hoteli za Mtwara mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, Nachingwea na Ruangwa hujaa wanunuzi, wasafirishaji na maofisa, na meneja hana nafasi hata ya kunywa chai. Msimu huo mwachie barua kwenye bahasha iliyofungwa, jina lake juu, kisha mtumie ujumbe mfupi kwamba ameachiwa.

Ukionana naye, sema jambo kabla ya kutoa karatasi, na kama mhudumu yupo karibu omba aitwe asikie. Wengine wataona haya na kuinama. Si kwamba hawapendi. Kama meneja ni mkali mbele ya watu, mpongeze mhudumu faraghani na barua ifanye kazi yake ofisini.

WhatsApp ni nyepesi, lakini ile namba iliyobandikwa ukutani mara nyingi iko kwenye simu ya mapokezi. Sifa za aliye mapokezi zikitumwa kwenye simu anayoishika mwenyewe, hazijaenda popote. Omba namba ya meneja au ya mwenye hoteli.

Sanduku la maoni lichunguze kwanza. Kufuli lenye kutu na vumbi juu ya tundu vinakwambia halijafunguliwa muda mrefu. Kama linatumika, kunja karatasi mara moja tu na uandike kwa nje "PONGEZI". Kitabu cha wageni kinachoandikwa namba ya kitambulisho na unakotoka si mahali pake, hata kama kina safu ya maoni.

Kwa wale wa semina: fomu ya tathmini mnayojaza siku ya mwisho ina mstari wa malazi na chakula. Andikeni majina hapo. Taasisi inayolipia vyumba 40 ikimtaja mhudumu, mwenye hoteli husikiliza kwa namna nyingine kabisa, kwa sababu anataka semina ijayo irudi kwake.

Kuhusu maoni ya mtandaoni, kwenye ramani za Google, Booking.com au Tripadvisor: yana faida kwa hoteli kuliko kwa mhudumu, lakini yakimtaja yanasomwa na mmiliki aliye mbali. Nyota 5 bila maneno hazimtaji mtu. Tumia jina la kwanza na idara tu. Namba yake ya simu na picha yake zisiwekwe bila idhini yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahusu mambo hayo. Hakikisha umefungua hoteli yenyewe, maana majina yanafanana na alama za ramani hukosewa; linganisha picha ya geti. Na andika Kiswahili cha moja kwa moja. Mashine za kutafsiri zikikuta "huyu dada ni jembe" zinaweza kumfikishia mmiliki wa nje habari za chombo cha kulimia. "Anafanya kazi kwa bidii na haraka" itamfikia salama.

Bakshishi ni kitu kingine

Pesa haichukui nafasi ya barua, na barua haichukui nafasi ya pesa. Ukitaka kutoa, mpe mwenyewe mkononi, au weka kwenye chombo cha pamoja kama hoteli inacho. Usimpe meneja amfikishie.

Ukiiacha chumbani bila maelezo unampa mfanya usafi mtihani: pesa iliyokutwa kitandani ni mali ya mgeni, na mwaminifu ataipeleka mapokezi. Weka kwenye bahasha au karatasi iliyokunjwa, andika kwa kalamu: "Za mfanya usafi wa chumba namba 12, asante." Ongeza tarehe na saini. Kiasi kisitajwe kwenye barua ya pongezi hata kidogo. Kikitajwa, barua inageuka kuwa hesabu, na wenzake watauliza mgao.

Baada ya kuondoka

Subiri wiki 2, kisha mtumie meneja ujumbe wa mstari mmoja: "Habari za siku meneja, ile barua ya pongezi ya Somoe ilimfikia?" Ni swali la upole, na linatosha kuitoa barua kwenye droo kama bado imo. Usimpigie mhudumu mwenyewe kuuliza, hasa kama wewe ni mwanaume na yeye ni binti au mke wa mtu.

Meneja akiomba kuibandika barua ukutani au kuiweka kwenye ukurasa wa hoteli, kubali ukipenda, lakini mwambie afute namba yako ya simu na ya chumba, na amwulize mhudumu kwanza kama anaridhia jina lake lionekane.

Kwenye nakala aliyonayo mhudumu, namba yako ibaki. Akiomba kazi kwingine, mwajiri mpya anaweza kukupigia baada ya miezi mingi kuuliza kama kweli uliandika wewe. Ndiyo maana unabaki na nakala ya tatu: itafute, isome, na umjibu yale yale yaliyomo.